Mwanga Usipite

...na sasa anasema kiti kiko juu mno kwangu, kana kwamba sijui, kana kwamba si mimi niliyelikata bomba la kiti na kulipima kwa mguu wake yeye, mguu mrefu alioutoa sijui kwa nani, maana kwetu wote ni wafupi, tumekaa karibu na ardhi, ni yeye tu aliyerefuka mpaka Mama akawa anamwachia pindo la akiba kwenye kila sketi anayomshonea, na mimi hapa niko juu ya baiskeli yake nimening'inia kama nguo kwenye kamba, ncha ya kiatu cha kulia imegusa jiwe bapa lililo kando ya njia, cha kushoto kiko juu ya pedali, vidole viwili viko kwenye breki, na mbele ya gurudumu njia inaanza kushuka, hatua kumi naziona, ya kumi na moja imemezwa na ukungu, "Dada, unanisikia? Ukifika kwenye ile mizizi usikae, simama kwenye pedali, kiti hicho kitakurusha," nakusikia, mdogo wangu, nakusikia, tangu tuanze kupanda kilima hujameza mate, ndiyo maana ulipokuwa na miaka minne tulikuita Chiriku na jina likakuganda, hata daktari aliyekufungua bendeji alikuita Chiriku, alisema wodi nzima itapoa ukitoka... nimtikisie kichwa, haya, nimetikisa, ameridhika, anaendelea, na mkono wake wa kushoto umekaa pale unapokaa siku hizi, umekunjwa kiwikoni, haunyooki wala hauning'inii, ungedhani amebeba kikapu, miaka miwili sasa anakibeba kikapu hicho na hakuna aliyempokea.

Nitashuka, nashuka sasa hivi, ndiyo sheria ya karakana, aliyeunga ndiye anayeshuka kwanza, Mjomba aliiweka zamani, wakati bado anachomelea mageti na vitanda vya chuma na baiskeli ni kazi ya pembeni, mteja aje amevaa glavu mpya, aje na rafiki wa kumpiga picha, hapandi, anakaa kwenye benchi anangoja mpaka fundi aje huku juu, ashuke, arudi karakanani na viungo vyake vyote, na namwona Mjomba mwenyewe, tumbo lile, juu ya fremu aliyomjengea mwalimu mmoja mwembamba kama chaki zake, anashuka kilima hiki hiki akipiga kelele utadhani anakimbizwa na nyuki, anarudi na majani kwenye ndevu, "Imeshika!" na mwalimu hajui acheke au ashukuru, na Mjomba ananigeukia mimi niliyekuwa nimeshika tambara, "Kama una shaka na mkono wako, mpwa wangu, basi litangulie tumbo lako, usitangulize la mwenzio," na mimi nikacheka, nilidhani sheria ni mzaha wa mtu mwenye tumbo, kumbe... na ile ya kwanza sikushuka nayo, ile ya njano, ile niliyomjengea Chiriku kwa mbio za Jumamosi, ndiyo baiskeli pekee katika maisha yangu iliyotoka karakanani bila mimi kuitangulia, na sababu niliyoitoa ni kwamba muda ulikuwa mfupi, nilimwambia kila mtu hivyo na kila mtu akaelewa, watu ni wepisi kuelewa ukiwapa sababu iliyopigwa pasi.

"Breki ya mbele ni ya juu au ya chini?" ananiuliza, "ya juu," namjibu, sauti yangu imetoka vizuri, "ya juu ya mbele, ya chini ya nyuma," zote mbili upande wa kulia, kwa sababu vidole vyake vya kushoto vinashika lakini havibani, nilikaa juma zima nikitafuta jinsi ya kuweka mipini miwili ya breki mahali pa mmoja, na usukani wenyewe nimeupinda, upande wa kulia umenyooka kama usukani wa mtu yeyote, upande wa kushoto umerudi nyuma upana wa vidole vinne, ukiutazama kwa mbele unaona kitu kilichogongwa na lori, jirani wa karakana, yule kinyozi, alisema "Fundi, hiyo imekupindia," nikamwambia kaa na vichwa vyako, na sasa nimeukamata, mkono wangu wa kushoto ambao ni mzima, ambao unanyooka mpaka mwisho, hapa haunyooki, baiskeli hairuhusu, ukikaa hapa juu kiwiko chako kinakunjwa upende usipende, kinakunjwa pale pale kilipokunjwa chake, na ni ajabu, nimeukunja mkono huu mara elfu kwa ajili ya kula na kufua na kushika tupa lakini haujawahi kukunjwa kwa amri, ni kama nimeingia ndani ya mwili wake na kukuta fanicha zimesogezwa... ndivyo unavyoishi, Chiriku? Hivi ndivyo unavyonyoosha shuka, unavyofunga mlango, unavyoshika mwavuli?

Siku ya vipimo nilimsimamisha kwenye fremu ya mlango, nilikuwa na utepe wa Mama, ule wa kushonea, umechakaa mpaka namba za mwanzo zimefutika na lazima uanzie kwenye kumi, harufu ya chaki ya cherehani bado imo, nikapima mguu, nikapima kiuno mpaka bega, nikapima mkono wa kulia, nikaandika kwa penseli ukutani, kisha nikahamia upande wa pili, nikasema "Nyoosha," akasema "Ndiyo nimenyoosha, Dada," hivyo tu, bila kulalamika, nikaweka utepe kwenye bega lake, ukafika kwenye kiwiko ukalazimika kupinda, nikajifanya penseli imeanguka nikainama nikakaa kule chini kwa muda, naye akacheka, "Vyuma viwili na skrubu saba, hata mimi sasa nimechomelewa, ungenichomelea wewe ungefanya kazi safi kuliko ya yule daktari," na mimi kule chini, magotini, uso karibu na vumbi la chuma, nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya karakana ni saruji aliyoimwaga Mjomba mwenyewe, haipasuki kwa matamanio ya mtu.

Ukungu unapumua, unakuja hatua moja, unarudi hatua moja, na gurudumu la nyuma nikilirudisha kidogo linatoa ule mlio wa vijino, tiki tiki tiki, mlio mtamu, saa ya mtu asiye na haraka, na rangi bado inanukia kwa mbali, buluu ya sare ya shule, yeye alitaka njano tena, "Kama ile, Dada, ile ilinipendeza," nikakataa katakata, nikasema njano imeisha dukani, mwongo mimi, njano haiishi dukani... na ndani ya ukungu kuna ndege mmoja anarudia neno moja, na nahisi kwamba nikiachia breki sitaanguka chini bali nitaelea, mimi na mabomba yangu manane, tutaingia kwenye weupe ule na kutokea upande wa pili ambako ni Alhamisi, Alhamisi ile, karakana imejaa jua la alasiri, na fremu ya njano bado si ya njano, bado ni chuma kitupu kilichobanwa kwenye meno ya jiliwa, na tupa iko mkononi mwangu, na bado sijafanya chochote.

Maana kazi yote iko pale, mtu asikudanganye kwamba iko kwenye moto, moto ni mbwembwe, kazi iko kwenye mdomo wa bomba, bomba likikutana na bomba lazima mdomo wa moja uchongwe mviringo mpaka ulikumbatie lenzake, unachonga kwa tupa, unapima, unachonga, unapima, kisha unayashika mabomba mawili yamegusana, unasogea dirishani, unafumba jicho moja, unatazama pale yanapokutana, na ukiona uzi wa mwanga, hata mwembamba kama unywele wa mtoto, unarudi kwenye jiliwa, Mjomba alikuwa hasemi mengi, alikuwa anasema "Mwanga usipite," basi, mwanga usipite, kwa sababu shaba inayoyeyuka ni ya kugandisha chuma kwa chuma, si ya kujaza shimo, shaba yenyewe ni laini, ukiipa kazi ya kubeba mtu itabeba leo na kesho ili uizoee, kisha itakuacha... na Alhamisi ile, kwenye ungio la mbele, pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha usukani, pale ambapo kilima chote kinampiga mtu, nilisogea dirishani nikafumba jicho na mwanga ukapita.

Uliona? Uliuona, usijifanye, uliuona uzi ule, unene wa ukucha, si unywele tena, na bomba lilikuwa limekuwa fupi tayari kwa kuchongwa, kuchonga tena kungelifupisha zaidi, ingebidi kulitupa na kuanza lingine, na lingine lingekuja Jumatatu, na mbio ni Jumamosi, na Chiriku alikuwa amekaa pale pale juu ya pipa anachezesha miguu, "Imekamilika? Dada, imekamilika? Bado tu?" anaimba, anapiga pipa kwa visigino, na mimi nikasema karibu, nikawasha gesi, nikavaa miwani, nikalijaza pengo lile shaba, tone juu ya tone, ilitiririka vizuri, ilimeta, nikaipiga tupa, nikaipiga msasa mpaka kidole hakihisi kitu, na juu yake njano, na hakuna ungio zuri kama lile katika fremu nzima, watu waliligusa wakasema fundi huyu mikono yake ni dhahabu... usipoziba ufa utajenga ukuta, Mama hupenda kuusema huo akishona, haya, mimi niliuziba, nani aniambie nini, niliuziba vizuri mno, hiyo ndiyo dhambi yangu, wengine wanalaumiwa kwa kuacha ufa mimi nalaumika kwa kuuziba, Mama mwenyewe akikosea mshono anaufumua, anakaa na wembe na meno anaung'oa uzi wote huku akijitukana, anaanza upya, hata mteja akiwa mlangoni, mimi mtoto wake sikufumua.

"...na pale kwenye ukingo," anasema, ameinua mkono mzima ananyoosha kidole kwenye ukungu, "pale upande wa kushoto ndipo lilipokuwa lile jiwe, uwe macho, labda liko lingine," na lile jiwe, jamani lile jiwe, alipotoka hospitali kitu cha kwanza alichotaka ni kuletwa huku, akatembea polepole mkono umefungwa shingoni, akatafuta, akaokota jiwe moja ukubwa wa mkate, akasema ndilo hili, amelichorea macho mawili kwa rangi nyeupe, liko dirishani kwake karibu na kitanda, analiita Bwana Mkubwa, mgeni akija anatambulishwa, "Huyu ndiye aliyenishinda," na wageni wanacheka, mimi pia nacheka, nimecheka miaka miwili, na jiwe lile halina kosa hata moja duniani, lilikuwa limekaa zake kando ya njia tangu enzi na enzi, sasa limehukumiwa na kuchorwa macho, linanitazama kila ninapompelekea chai.

Laiti ingekuwa jiwe tu... lakini kuna macho yake, hilo ndilo, macho ya Chiriku yalikuwa mali ya nyumba nzima, jioni taa hazijawashwa Mama alikuwa anaita "Chiriku, njoo unitungie uzi," naye anakuja mbio, anatunga uzi kwenye sindano bila kutazama sana, huku anaongea, mimi mkubwa nilikuwa nalamba uzi na kuuchoma hewani mara ishirini, na sasa Mama akimwita yeye anajibu "Mpe Dada, haya macho yangu ni ya uongo," anasema kwa mzaha, kila kitu chake ni mzaha, lakini juzi nilikuwa nyuma yake barabarani, hakujua, nikamwona anataka kuvuka, anatazama kulia, anatazama kushoto, kulia, kushoto, barabara ni tupu, tupu kabisa, mtu angeweza kuanika mchele katikati, naye bado anatazama, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamshika mkono akamvusha, mtu aliyekuwa anashuka kilima hiki kwa mwendo ambao mimi siuthubutu hata ndotoni... na alikwenda kwa daktari wa macho, kimya kimya, nilikuta karatasi, daktari aliandika macho ni mazima, nilipomwonyesha Chiriku akaniambia "Daktari yule hajakiona kile kilima," akiwa na hakika kwamba macho yake yalimwona adui yakanyamaza.

Na ni nani aliyempa adui huyo? Nilikuwa chini, kwenye mstari wa mwisho, nimeshika taulo na chupa ya maji, na niliusikia, watu wengine walisikia kelele, mimi nilisikia mlio ulioitangulia kelele, mlio mkavu, mmoja, na miguu ikajua kabla ya kichwa, nilikimbia kupanda na taulo mkononi, sijui taulo la nini, nikamkuta amelala ubavu na baiskeli iko mbali naye, kipande huku kipande kule, na mkono wake umeelekea upande ambao mkono hauelekei, na uso wake haukuwa na hofu, ulikuwa na mshangao, mshangao mtupu wa mtu aliyeamshwa, akaniuliza, "Dada, niligonga nini?" na nilikuwa nimeshaliona ungio, lilikuwa wazi juu kule kwenye nyasi, limeachia duara zima, shaba inameta kwenye jua bila aibu, na alikuwa ananitazama, ananiamini, na nikasema, "Jiwe."

Neno moja, halikunichukua hata pumzi, na jioni ile ile baiskeli ilipoletwa karakanani nikaikata vipande, nikasema imepinda haifai, Mjomba alikuwa ameshaacha kazi, macho yamemchoka, hakuwepo wa kuuliza, nikabakiza ungio tu, sijui kwa nini, liko kwenye kopo la nati, chini kabisa, chini ya zile pete za washa, na kila nikitafuta washa mkono wangu unalikwepa bila kutumwa.

"Dada, umelala? Shuka basi, jua litatoka," nashuka, nashuka, naweka pumzi sawa, unajua nilivyopanga, Chiriku? Hujui, nitakwambia kimoyomoyo, nilipanga kwamba hii ya buluu nitaiunga vile ambavyo sijawahi kuunga kitu, miezi saba, kila mdomo wa bomba nimeupeleka dirishani, asubuhi na alasiri, kwa jua na kwa tochi, maungio tisa na hakuna lililopitisha mwanga, mabomba matatu nimeyatupa, nimefumua, hatimaye nimefumua, na nilipanga kwamba leo nitatangulia kama sheria inavyosema, kiti kirefu hivi hivi, mkono umekunjwa hivi hivi, na nikafanya mapatano, sijui na nani, na kilima labda, kwamba ikishika mpaka chini basi nimelipa, nitanyamaza, jambo limekwisha, na ikivunjika na mimi nikavunjika nayo, basi pia nimelipa, nitakuwa nimetoa mkono kwa mkono, na kwa vyovyote vile sitahitaji kufungua mdomo... mapatano mazuri, nimeyalalia miezi saba yakanipa usingizi, asubuhi hii nimekunywa chai yote, Mama akashangaa, "Leo una nini, unang'aa."

"Na mimi nikishuka baada yako," anasema, sasa ameishusha sauti, Chiriku hashushi sauti, "nimeamua, nitashika breki zote mbili kuanzia hapa juu mpaka chini, mtu asinicheke, na pale kwenye ukingo nikiona hata kivuli nabana kabisa, kwa sababu siwezi kujua ni kivuli au ni kitu, unaelewa? Siwezi kujua," na amesema kwa kucheka, lakini kicheko kimeishia nusu, na mimi naujua ukingo ule, kila anayepanda kilima hiki anaujua, ukingo ule unavukwa kwa kuachia, unaachia vidole vyote na kuiacha baiskeli ishuke kama inavyojua, anayebana breki pale gurudumu la mbele linasimama na yeye anaendelea, wote walioanguka pale walianguka kwa kusita, wote isipokuwa mmoja... na ni asubuhi, kutakuwa na vivuli, jua likitoka tu njia nzima itakuwa vivuli, kila jani litakuwa jiwe, na atabana, na fremu itashika, lo, itashika sana, maungio yangu tisa yatakuwa mazima bila unywele wa ufa na yeye atakuwa kwenye nyasi akiniuliza niligonga nini.

Basi hii nayo ni shaba, hii baiskeli nzima, miezi saba ya tupa na dirisha, nimejaza pengo tena, tone juu ya tone, nimelipiga msasa, nimelipaka buluu, na pengo lenyewe halikuwa kwenye chuma, liko kati yangu na yeye, upana wa neno moja, na sijawahi kulipeleka dirishani hata siku moja... na kilima hiki hakijui kusema, nimekitegemea kiseme kwa niaba yangu, kilima ni kilima, kikinipitisha salama kitakuwa kimenifunga mdomo na yeye ataendelea kusimama kando ya barabara tupu akitazama kulia na kushoto, mwanamke mwenye macho mazuri kuliko yote nyumbani kwetu, mpaka azeeke, kwa ajili ya jina langu la fundi, kwa ajili ya watu kusema mikono ya dhahabu, na akijua atanichukia, ndiyo, haya, anichukie, Mama naye akijua sijui ataweka wapi uso, na Mjomba, na kinyozi, na wateja, nani ataleta baiskeli kwangu, naogopa, Mungu wangu naogopa kuliko ninavyoogopa njia hii, njia hii ni dakika mbili tu... litangulie tumbo lako, alisema, usitangulize la mwenzio, na mimi nilidhani anazungumzia kushuka.

"Dada?" ameweka mkono kwenye usukani, ule wa kushoto, umekaa mahali pake bila kunyooshwa, vidole vinne nyuma, umeenea kabisa, kazi nzuri hiyo, hilo hata mimi nitajisifu, na sasa mikono yetu miwili imekunjwa sawasawa juu ya chuma kimoja, wangu kwa amri na wake kwa skrubu, na uso wake uko karibu, kuna matone ya ukungu kwenye nyusi, ananitazama kwa macho yale, mazima, mazima kabisa, daktari aliandika, "Mbona hushuki, unaniogopesha," na neno lenyewe, nililidhani litakuwa refu, nilidhani litahitaji benchi na chai na siku nzima, kumbe ni jibu tu la swali aliloniuliza zamani, nilichelewa kulijibu, ndivyo tu, nasema, "Hukugonga kitu."

"Nini?"

"Siku ile uliniuliza uligonga nini. Hukugonga kitu, mdogo wangu. Hakukuwa na jiwe. Ulikuwa unaona vizuri. Niliunga vibaya, na nilijua," na nimelisema lote, limetoka na sauti imebaki sauti yangu, nami bado niko pale pale juu ya kiti kirefu, ncha ya kiatu kwenye jiwe bapa, vidole viwili kwenye breki, njia inaanza mbele ya gurudumu na hatua ya kumi na moja bado imo kwenye ukungu, na mkono wake haujaondoka kwenye usukani, haujabana wala haujaachia, na ndege yule kule ndani anarudia neno lake, na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka minne, hasemi kitu, na mimi namngoja...